Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ujirani Ndani ya Hesabu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ya ufundi ilishughulikia zaidi kanuni tunazoipa kompyuta inapopanga nyumba za ghorofa za mjini. Kompyuta haijui ujirani. Ukiiagiza itoe nyumba nyingi iwezekanavyo kwenye kiwanja kidogo, itakupa korido ndefu ya giza yenye milango pande zote mbili, na kwa hesabu yake imefaulu.

Kwa hiyo ujirani tumeuandikia vipimo. Ngazi moja isihudumie zaidi ya kaya 12. Upana wa ua usipungue kimo cha jengo linaloukabili. Dirisha la jiko litazame uani, na sehemu ya kuchezea watoto isiwe mbali nalo zaidi ya mita 25, kwani kupita hapo ni vigumu kuusoma uso wa mtoto. Mchoro usiotimiza masharti haya huondolewa kabla ya kulinganishwa na mingine.

Ua ndio unaosumbua. Sharti la asilimia 30 ya kiwanja kubaki wazi linaonekana zuri, hadi algoriti, yaani hatua za hesabu zinazofuatwa na kompyuta, ilitimize kwa kujumlisha vichochoro vya mita moja na nusu nyuma ya majengo. Eneo limetimia, pa kuweka mkeka hapana! Dawa yake ni kudai umbo: ndani ya ua lienee duara la kipenyo cha mita 12, na upenyo wowote wa chini ya mita 4 usihesabiwe. Umbali nao upimwe kwa njia ya miguu. Mstari ulionyooka hupenya kuta.

Majiko na mabafu yapangwe wima, ghorofa juu ya ghorofa. Yakitawanywa, mabomba hulazwa juu ya dari ya jirani, na maji yakivuja hamsalimiani tena.

Jua, gharama na faragha visijumlishwe kuwa alama moja, maana unafuu wa bei huficha giza la chumba. Bakizeni michoro michache ambayo hakuna mwingine unaoizidi kwa kila kigezo, kisha wakazi wachague.

Kwa mfano wa kanuni zinazozaa nyumba tofauti zenye asili moja, someni kazi ya mtafiti wa usanifu José Pinto Duarte ya 2001 kuhusu nyumba za Malagueira, Ureno, zilizosanifiwa na Álvaro Siza.

Rasimu ya kanuni iko kwa katibu. Marekebisho yaje na ramani iliyopimwa.

Mwenyekiti