Wahesabu makufuli, waache kupiga filimbi langoni

Mhariri,

Habari yenu ya juma lililopita kuhusu wazazi wa kujitolea watakaolinda shule zetu ilipambwa kwa picha: fulana za kung'aa, filimbi shingoni, wote mstari mmoja langoni. Miaka nenda miaka rudi tumesoma habari za namna hii tukanyamaza. Sasa basi.

Moto wa shule ya sekondari ya Kyanguli, hapa Machakos, Machi 2001, uliua wavulana 67. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa na kufuli, madirisha yana vyuma. Hillside Endarasha, shule ya msingi ya bweni kule Nyeri, Septemba 2024, walikufa 21 katika bweni lililolaza watoto zaidi ya 150. Katikati ya mikasa hiyo, mwaka 2008, serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule wenye vipimo vyote: mlango wa futi 5 unaofunguka kwa nje, mlango kila upande wa bweni na wa dharura katikati, madirisha bila vyuma, mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, mita 2 za njia. Ni kipi kati ya hivi kinachoonekana ukiwa umesimama langoni?

Chukua kufuli peke yake. Mwongozo unataka bweni lifungwe wanafunzi wakiwa darasani, na lisifungwe kwa nje hata dakika moja wakiwa ndani. Shule nyingi zimegeuza. Kufuli linalozuia wizi wa mchana hurudishwa mlangoni usiku ili wanafunzi wasitoroke, na ufunguo anao matroni aliyelala nyumba ya mbali, au bawabu. Godoro la sponji likishika moto, moshi mweusi hujaza chumba kabla bawabu hajavaa viatu, sembuse kuchagua ufunguo mmoja gizani katika shada zima. Mzazi wa kujitolea anayejua kazi hana haja ya kuingia bwenini usiku, wala haruhusiwi, na ni vyema hivyo. Aende ofisi ya mwalimu wa zamu baada ya prepu (masomo ya usiku), bila taarifa, na kila mara saa tofauti, maana doria ya saa ile ile hupangiwa maigizo. Bweni lina milango mitatu? Makufuli matatu yaning'inie ubaoni mle ofisini. Yakiwa mawili, la tatu anajua liko wapi.

Vipimo vichukuliwe mchana, mabweni yakiwa matupu, wazazi wawili wawili pamoja na matroni. Mtungi wa kuzimia moto: mshale uwe kwenye kijani, pini na lakiri viwepo, na mtungi uwe karibu na mlango, si stoo. Tazama pia nyaya zilizopitishwa chini ya magodoro kuchajia simu za magendo. Katika shule moja wazazi walikuta mlango wa dharura uko, umeandikwa vizuri kwa rangi nyekundu, na mbele yake deka mbili, vile vitanda vya ghorofa, zimepangwa kwa sababu wanafunzi wameongezwa. Kitabu cha ukaguzi kilikuwa kimetiwa sahihi hadi Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Na kwa kuwa mnapenda sana malango: nani anaidhinisha haya matao ya zege yenye jina la mfadhili? Mengine ni ya chini kiasi kwamba lori la maji hulazimika kubaki nje. Gari la zimamoto litapita wapi? Mfadhili aandikwe ukutani, kwa herufi kubwa apendavyo.

Pesa za fulana zinunue fimbo za mkalitusi, zikatwe mita 1.2 kamili, kila mzazi apewe moja. Aipitishe kati ya vitanda. Isipopita, godoro moja litolewe na kulazwa mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu. Akilalamika, aletewe la pili.

Mzazi,
Machakos