Maua ya juu mlimani yanakufa kwa maji, sio kwa baridi

Mhariri, salaam nyingi. Naandika kutoka Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kwa kweli naandika kwa uchungu, maana wiki iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni huku kwetu nikaangalie bustani yao ya mawe, mwenyewe alitaka wageni waone maua ya mlimani pale getini kabla hawajapanda, basi akamtuma kijana akang'oe yale maua meupe makavu ya kule juu, wataalamu wanayaita Helichrysum, akayashusha kwenye mfuko wa rambo. Mashina kumi na moja. Nimefika nakuta limebaki moja tu, nalo kulivuta kidogo likatoka zima mkononi, mizizi myeusi inateleza kama mlenda, na vile vimanyoya vyeupe vya kwenye majani vimegandana kama pamba iliyolowa. Kumbe kijana anamwagilia na mpira asubuhi na jioni. Anasema maua yalionekana makavu ndo maana akaongeza maji. Ila ua lile ndivyo lilivyo, petali zake ni kama karatasi hata likiwa zima kabisa!

Jamani, kule juu kuanzia kama mita 4,000 mchana jua linachoma, usiku barafu, na hivyo ndivyo mwaka mzima, mvua ni chache kuliko msituni na chini ni mawe na mchanga wa volkeno, maji hayakai. Ua la huko limejikunyata chini upepo usilipate, limevaa manyoya, mizizi imezama kwenye nyufa. Ukilileta mita 1,500 kwenye udongo wetu wa migombani unaoshika maji umeliua. Tena ile ni hifadhi ya taifa tangu 1973, kung'oa bila kibali ni kosa.

Mi nilifanya kazi za bustani Edinburgh, Uskoti, miaka minne, na wale watu wanapenda sana vimaua vya milima ya Alpi, msimu wa baridi utaona mche mdogo kama kiganja umewekewa kioo juu yake. Nikadhani wanaukinga na baridi. Bibi mmoja niliyekuwa namlimia akaniambia hapana, ni mvua, kwao milimani vinalala vikavu chini ya theluji, kinachoviua bondeni ni kulowa shingo, pale shina linapoingia udongoni.

Kwa hiyo anayetaka bustani ya mawe aijenge, mbona inapendeza sana, ila aanze na maji yatatokaje. Chini weka kokoto na matofali yaliyovunjika, mawe yazike theluthi na uyalaze kidogo kwa nyuma ili mvua iingie kwenye mizizi, udongo uwe nusu changarawe, samadi usiweke kabisa maana mche utarefuka ulegee, halafu kuzunguka shingo ya mche mwaga changarawe unene wa vidole viwili. Na miche nunua kwa wauza miche, sedamu, vile vimmea vya majani manene yanayotunza maji, zinakubali vizuri huku.

Yule kijana nimemwachia vipande vitatu vya sedamu yangu, amevipanda Jumamosi na mpira ameukunja. Naomba uichape barua hii kabla ya Juni wapandaji hawajaanza kujaa, maana nasikia kuna wengine wawili wameshaagiza maua ya kule juu.

Mkulima wa maua, Marangu