Neno "simu" limetokana na waya, si na kadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu maelezo yaliyotolewa hivi karibuni katika safu ya lugha ya gazeti lako, kwamba neno "simu" limetokana na "SIM", jina la ile kadi ndogo tunayoichomeka ndani ya simu za mkononi. Maelezo hayo nimekwisha kuyasikia pia kwa wanafunzi, na kwa kuwa sauti zinafanana ni rahisi mtu kuyaamini, lakini tarehe zinayakataa. Kadi za aina hiyo zilianza kuuzwa Ulaya mwaka 1991, na jina lake limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza. Wakati huo sisi Tanzania tulikuwa na Shirika la Posta na Simu, lililoundwa baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kabla ya shirika hilo babu zetu walikwisha kupiga simu tangu enzi za Mjerumani.

Neno hili asili yake ni Kiajemi, kama ilivyo kwa "bandari", "nanga" na "serikali". Kwa Waajemi, "sim" ni madini ya fedha, na vilevile ni waya. Hata katika Kiarabu cha nchi za Ghuba waya huitwa hivyo hivyo. Waya wenyewe haukuwa kitu kigeni kwa watu wa pwani na bara, kwani misafara ya biashara ilibeba masango, yaani waya nene za shaba, na wanawake walivaa udodi, ule waya mwembamba wa mapambo. Kilichokuwa kigeni ni waya unaosema. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka hapo kwenda Msumbiji na Durban, na kwa mara ya kwanza habari ikaweza kwenda Ulaya na majibu yakarudi kabla meli haijang'oa nanga. Mwezi Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipojitwalia kiti cha usultani, konseli wa Uingereza Basil Cave aliomba London ruhusa ya kutumia nguvu, na ruhusa ikafika kwa njia hiyo kabla ya mizinga kulipiga jumba la mfalme asubuhi ya tarehe 27.

Hapo ndipo neno lilipoanza safari yake. Simu ikawa ule waya, ikawa na habari iliyopita ndani yake, yaani telegramu. "Nimepata simu kutoka nyumbani" ilimaanisha kwamba mtu ameshika karatasi mkononi, na mara nyingi karatasi hiyo haikuwa na heri, kwa sababu posta ilitoza kwa kuhesabu maneno na hakuna aliyelipia maneno ya kusalimiana tu. "BABA MGONJWA NJOO HARAKA" ilitosha. Msomaji alijua mwenyewe kama baba ni mgonjwa au amekwisha kuzikwa. Hata kitenzi "kupiga" kilikuwa mahali pake, maana karani wa posta alikuwa akikipiga kweli kile chombo chake kwa kidole, ingawa sing'ang'anii hoja hiyo, kwa kuwa Kiswahili hupiga pia pasi, picha, hodi na magoti.

Anayetaka ushahidi wa macho na atafute barua za zamani za ofisi zetu za serikali. Juu ya karatasi, karibu na nembo, utakuta mstari mmoja umeandikwa "Anwani ya Simu", ukifuatwa na neno moja au mawili kwa herufi kubwa, na chini yake mstari mwingine umeandikwa "Simu", ukifuatwa na tarakimu. Mstari wa kwanza ni wa telegramu na wa pili ni wa kuzungumza kwa sauti. Neno lile lile limekaa mara mbili kwenye karatasi moja kwa maana mbili, na sijapata kusikia kwamba kuna karani aliyechanganyikiwa.

Kisha likaja jambo ambalo mimi hulifurahia kuliko yote. Ulipofika wakati wa kupeleka habari bila waya, kwenye vituo vya polisi na misheni za mbali, watu hawakutafuta neno jipya, bali walisema "simu ya upepo". Ukilichukua neno kwa asili yake, huo ni waya wa upepo, kitu kisichowezekana, lakini wasemaji walikuwa wamekwisha kuusahau waya, na neno la Kiingereza "waya" lilikuwa limeshika nafasi iliyoachwa. Waajemi wao, ambao bado wanakumbuka, chombo hicho hukiita "bisim", yaani kisicho na waya.

Simu za mkononi zilipoanza kuenea kwetu katika miaka ya 1990, ziliitwa kwa jina hilo refu kwa muda mfupi tu, kisha zikalichukua jina tupu, na ile ya zamani ndiyo iliyolazimika kuongezewa maelezo ikawa "simu ya mezani". Leo simu inaibiwa, inachajiwa, inapasuka kioo. "Nipe simu yako" huweza kuwa ombi la namba, na tangu huduma za kutuma pesa zianze Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka uliofuata, "nimekuwekea kwenye simu" ni habari ya fedha bila fedha kutajwa. Hata hivyo waya haujatoka kabisa katika usemi wetu: bado tunakatiana simu, na ile kadi iliyozua mjadala huu wengi wetu tunaiita "laini", neno la Kiingereza lililotokana na uzi wa simu uliotandazwa juu ya nguzo.

Jirani zetu nao walilichukua. Waganda husema "essimu" na Wakikuyu husema "thimu", wakiwa wamelitia katika sauti za lugha zao. Ndiyo maana sioni haja kubwa ya maneno ya vitabuni kama "rununu", yaani simu ya mkononi, linalofundishwa katika shule za Kenya huku mwanafunzi akitoka darasani na kuuliza simu yake iko wapi. Sisemi ni neno baya. Nasema limekuja kujaza nafasi isiyokuwa wazi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Safu ya lugha inasomwa na walimu, na kinachochapishwa humo huishia ubaoni. Maelezo yale yasahihishwe katika safu ile ile, na mwandishi wake ahimizwe kufungua kamusi zilizochapishwa kabla ya vita ya kwanza ya dunia, ambamo "simu" imo tayari.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga