Rangi za kijana wa Mikindani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimpongeze kijana mmoja wa hapa Mikindani, ambaye picha zake za rangi kali, zilizojaa vikopo vya maziwa, kanga na bodaboda, zimewafanya mafundi cherehani na hata sisi wachongaji wa vinyago vya Kimakonde, watu wagumu kubadilika, kuthubutu mitindo mipya. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru na mwasisi wa mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli; huyu wetu amebaki nyumbani, akinunua rangi kwa fedha ya kubangaiza. Ningefurahi akipewa japo ukuta mmoja wa soko auchore.

Mchongaji,
Mtwara