Kwa mpwa wangu: zing'oe hizo pembe

Mpwa wangu,

Picha yako nimeipata jana usiku, nikaikuza hadi nikaona unywele wa brashi ulioganda kwenye rangi. Mkono unao. Hao vinyago wako wa askari wanane, Waviking (wapiganaji wa baharini wa Skandinavia ya kale) uliowapaka rangi, wote wana macho na hakuna mwenye makengeza. Mimi wa kwanza wangu walikuwa kama wameona jini. Lakini hizo pembe za kofia, baba! Zikate leo kwa wembe, kisha piga msasa.

Kofia ya Waviking inayojulikana zaidi ilifukuliwa Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943. Ni chuma cha mviringo, na mbele ina kinga ya macho mfano wa miwani. Basi. Pembe zilienea kwa sababu ya mavazi aliyoyabuni Carl Emil Doepler kwa ajili ya opera (michezo ya kuigiza kwa kuimba) za mtunzi Wagner kule Bayreuth, Ujerumani, 1876. Wewe unapaka askari, si waimbaji.

Halafu huo weusi. Umewavika wote nyeusi na kahawia kama genge la pikipiki. Wale watu walipenda rangi! Sufu yao walichovya: buluu ya majani ya mmea wa jamii ya kabichi, nyekundu ya mizizi, njano ya mimea ya porini. Rangi za mimea hupauka, kwa hiyo nyekundu yako ichanganye na kahawia kidogo, na mikunjo ya nguo uipe tone jeupe. Mtu wa milimita 28 asipong'arishwa kidogo, ukimweka mezani anageuka kivuli.

Ngao usizipake sare zote. Nilifanya hivyo kwa watu 24, wakatoka kama wanafunzi mstarini. Ukitaka mfano wa kweli, meli ya Waviking ya Gokstad, Norwei, iliyochimbuliwa 1880 ilikuwa na ngao 32 kila ubavu, moja njano, moja nyeusi, hivyo hivyo hadi mwisho.

Deraya, lile vazi la vikuku vya chuma, ndiyo rahisi. Paka nyeusi yote, ikauke. Chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye kitambaa mpaka udhani imekwisha, ndipo upitishe juu juu. Vikuku vitajitokeza vyenyewe. Malizia na kahawia iliyozimuliwa sana, na usiimwage kama chai.

Ukija kuwapaka Wanormani (watu wa Normandi, Ufaransa) na Waingereza wa vita vya Hastings, 1066, tazama kile kitambaa cha Bayeux, karibu mita 70 za kitani kilichotariziwa kwa sufu. Ngao ndefu zilizochongoka chini, kofia zenye ulimi wa pua, vyote vimo. Ila farasi usiige, maana mle wamo wa buluu, na mguu mmoja una rangi yake.

Yule wa shoka refu umemshikisha ngao mkononi. Shoka lile ni la mikono miwili. Ibandue taratibu, umtundikie mgongoni, na kabla hujamgusa na rangi nitumie picha.

Mjomba wako