Barua ya wazi kwa vijana wanaopima nyumba zetu

Wajukuu zangu mnaopita Newala, Tandahimba na Mtwara Vijijini na vishikwambi mkononi,

Mmeshika kazi kubwa ya kutafiti jinsi nyumba zinavyohusiana na magonjwa. Homa ya chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza hapa, kwenye Uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Maji yalikuwa ya shida, watu wakayateka mbali na kuyaweka ndani kwenye mitungi, na mbu aina ya Aedes, wanaoieneza homa hiyo, wakazaliana humo humo. Miaka ya karibuni zimejengwa nyumba 110 za ghorofa moja, zenye nyavu za kuzuia mbu, katika vijiji 60 vya mkoa wetu wa Mtwara. Waliozipata walipatikana kwa bahati nasibu, ili watoto wao walinganishwe na wa nyumba za miti na udongo kwa malaria, kuhara na magonjwa ya kifua.

Sasa nawaomba: majibu yarudi kijijini, na yarudi kabla ya minada ya korosho. Hela ikiingia, kuanzia Oktoba, ndipo mtu anaponunua bati na saruji. Ripoti ikifika Machi, ukuta umeshasimama. Jirani yangu ameitunza karatasi ya ridhaa ya utafiti aliyotia dole gumba, ameikunja ndani ya kadi ya kliniki ya mwanawe, na mpaka leo hajaambiwa kilichoonekana kwenye damu ya mtoto. Hilo linaniuma sana.

Kwenye mkutano wa kutoa majibu waiteni na mafundi ujenzi. Wao ndio wanaoacha mwanya kati ya ukuta na paa, na mbu wa malaria hupita hapo. Lakini msiseme uzibwe kwa udongo kabla hamjaingia jikoni. Mama anayepikia mafiga ndani, moshi wake hutokea hapo hapo. Ukiziba umemwachia yeye na mtoto wa mgongoni kikohozi. Wavu huzuia mbu, hewa ikapita. Waonyesheni unavyopigiliwa, na mwambieni kila mtu bei yake dukani.

Halafu, msimu wa kulinda mazao, familia nyingi hulala shambani, kwenye dungu au kibanda cha nyasi. Ukikuta mlango umefungwa usiandike kwamba hakuna watu. Muulize balozi wa nyumba kumi wamelala wapi, uende huko, maana mbu wa huko nao wanauma.

Ongeeni mapema na wenyeviti wa vijiji, mkutano uwe Septemba. Nami nitakuja.

Babu yenu,
Newala