Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Kujiandaa na Ukame kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wakufunzi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kufika. Sisi unaotuona mbele yako ni mafundi bomba, wasoma dira, wahasibu, waendesha mitambo na wenzetu wa dawati la wateja, ambao simu zao hazikupumzika maji yalipokatika.

Mheshimiwa, wengi wetu tulikuwa kazini Oktoba 2022. Masika ya mwaka ule yalikuwa haba, vuli ikachelewa, mto Ruvu ukapungua. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na wa Ruvu Juu lita milioni 196, lakini mtambo husafisha maji yaliyopo, hauyaumbi. Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Novemba visima vya Kigamboni, vyenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, viliingizwa kwenye mtandao na watu wakapata ahueni. Hata hivyo hatujasahau kina mama waliokesha na madumu kwenye foleni.

Katika mafunzo haya tumejiuliza: Ruvu ilianza kupungua lini? Si Oktoba. Msomaji wa kipimo cha mto aliiona dalili tangu masika yalipokatika. Namba zikaandikwa daftarini, na hapakuwa na utaratibu unaosema zikifika hapa, nani afanye nini. Hilo ndilo pengo letu kubwa, na linatuuma.

Tumesoma pia habari za Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 2018 kila mtu alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku, msukumo wa maji kwenye mabomba ulipunguzwa, na kina cha mabwawa kilitangazwa kila wiki. Siku iliyohofiwa, ya kufunga mabomba ya mji kwa kukosa maji, haikufika. Tunawaheshimu kwa hilo, ila hatuwezi kuiga kila kitu: familia nyingi za kwetu zinazochota kwa dumu hazizifikii lita hizo kwa kila mtu hata mwaka wa neema. Kumwambia mama wa namna hiyo abane matumizi ni kumwonea. Kwetu kubana kuanzie kwenye mabomba yanayovuja na kwa watumiaji wakubwa.

Mheshimiwa, tunafurahia ujenzi wa bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu, litakalohifadhi lita bilioni 190. Lakini bwawa haliamui hospitali ipate maji kabla ya nani, wala maboza yaelekezwe mtaa gani. Uamuzi huo unahitaji kiongozi, na unahitaji kuandikwa wakati mito bado imejaa.

Kwa hiyo tunaomba kila mamlaka ya maji iwe na mpango wa ukame ulioandikwa, wenye viwango vya mto vinavyoanzisha kila hatua, na ofisa mmoja mwenye madaraka ya kuianzisha bila kungoja vikao vitatu. Tunaomba mpango huo upitiwe kila Septemba, mara Mamlaka ya Hali ya Hewa inapokwisha kutoa mwelekeo wa vuli. Na tunaomba wasomaji wa vipimo vya mto, ambao wengi hufanya kazi peke yao mbali na ofisi, wapewe simu, usafiri na posho inayolingana na uzito wa kazi yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.